Kusitiri na Kuficha: Safari ya Tafsida katika Lugha ya Kiingereza

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili wamezoea kuifundisha tafsida kama pambo la adabu. Mwanafunzi huelezwa kwamba tafsida ni matumizi ya neno la staha badala ya neno kali au la aibu, kisha hupewa mifano: mgonjwa huenda haja, mwanamke ni mja mzito, na mzee hakufa bali amefariki au ametutoka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni nusu ya habari. Yanaeleza namna neno linavyolainishwa, wala hayasemi ni nani anayenufaika na ulaini huo.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya tafsida na semi za kukwepa katika Kiingereza, na unafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya maneno ya Kiingereza imehifadhiwa katika maandishi kwa muda mrefu, kiasi kwamba neno moja linaweza kufuatwa karne baada ya karne na mabadiliko yake yakaonekana. Pili, Kiingereza kilikuwa lugha ya dola iliyotawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na majalada ya utawala huo bado husomwa na kufasiriwa na wataalamu wa Kiswahili. Anayeyafasiri bila kuzijua tafsida zake anaweza kurithi uficho uliokusudiwa na waandishi wake.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoweza kuongoza uchunguzi huu, yaani kusitiri na kuficha. Vitenzi hivyo vinakaribiana kimaana lakini havilingani. Anayesitiri humhifadhi mwenziwe asifedheheke. Anayeficha, mara nyingi, hujihifadhi mwenyewe asiulizwe. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika Kiingereza, fani ileile iliyozaliwa kwa ajili ya kusitiri ndiyo iliyotumika baadaye kuficha, na kwamba umbo la neno pekee halitoshi kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili linalotendeka.

Hofu ya kutaja

Neno la Kiingereza 'euphemism' lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya awali ni usemi mwema. Wagiriki wa kale walilitumia kuhusu ibada: wakati wa kutoa kafara waumini walitakiwa kutamka maneno ya heri tu, au wanyamaze. Hali kadhalika, miungu wa kike wa kulipiza kisasi waliitwa Wenye Hisani ili wasikasirike, na bahari ambayo leo huitwa Bahari Nyeusi, iliyosifika kwa kutowapokea wageni, ikapewa jina la bahari yenye ukarimu. Neno hilo liliingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Thomas Blount mwaka 1656.

Chanzo cha tafsida, basi, kilikuwa hofu zaidi ya haya. Kutaja kulidhaniwa kuwa ni kuita. Waingereza nao waliishi na hofu ya namna hiyo kuhusu jina la Mungu. Mwaka 1606 Bunge lao lilitunga sheria iliyotoza faini ya pauni 10 kwa kila mara mwigizaji alipotaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo au la Utatu Mtakatifu jukwaani. Athari ya sheria hiyo inaonekana katika tamthilia za Shakespeare, kwani baadhi yake zina viapo vichache katika matoleo ya baadaye kuliko katika matoleo ya mwanzo. Mtaani, watu waliendelea kuapa kwa maneno yaliyokatwa au kupotoshwa. Kiapo cha majeraha ya Mungu kilifupishwa kikawa 'zounds', na jina lenyewe la Mungu likageuzwa kuwa 'gosh'. Mwingereza wa leo anayesema 'gosh' kwa mshangao hana habari kwamba anakwepa kulitaja jina takatifu. Hofu imekwisha, ila neno limebaki.

Adabu ya nyumbani

Mbali na hofu hiyo, Kiingereza kilipata nyenzo nyingine ya kulainishia maneno kutokana na historia yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya watawala ikawa Kifaransa, na lugha ya kanisa na elimu ikaendelea kuwa Kilatini. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kina matabaka ya msamiati: neno la asili la Kijerumani kwa ajili ya shambani na jikoni, na neno la Kifaransa au Kilatini kwa ajili ya baraza na kitabu. Jasho huweza kutajwa kwa neno la kienyeji, 'sweat', au kwa neno la Kilatini, 'perspiration'. Kwa karne nyingi msemaji wa Kiingereza aliyetaka kuikwepa aibu aliikimbilia lugha ya kigeni. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hilo, kwa kuwa Kiswahili nacho kimetumia maneno ya Kiarabu kwa kazi kama hiyo. Kufa ni neno la Kibantu, wakati kufariki kunatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutengana.

Mfano ulio wazi zaidi ni majina ya choo. Neno 'toilet' linatokana na Kifaransa, ambako lilimaanisha kitambaa kidogo. Kitambaa hicho kilitandikwa juu ya meza ya kujipambia. Baadaye neno likahamia kwenye meza, kisha kwenye shughuli ya kujipamba, halafu kwenye chumba, na hatimaye kwenye choo chenyewe. Kabla yake 'lavatory' lilikuwa neno la mahali pa kunawia, na 'privy' lilimaanisha mahali pa faragha tu. Kila neno lilikuwa safi lilipoingia, na kila moja lilichafuliwa na kitu lililokifunika. Waamerika walipoona 'toilet' limekuwa kali, walihamia kwenye maneno yenye maana ya chumba cha kuogea na chumba cha kupumzikia. Katika Kiswahili mkondo huohuo unaonekana kwa maneno kama msalani, maliwato, uani na faraghani, pamoja na kitenzi kujisaidia.

Hali hii ya neno jipya kuchakaa kama lililotangulia ilipewa jina mwaka 1994 na mwanaisimu Steven Pinker, aliyeifananisha na kutembea juu ya mashine ya mazoezi: mtembeaji hupiga hatua nyingi lakini habanduki mahali pake. Mfano wake wa kusikitisha umo katika msamiati wa ulemavu wa akili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 iliwapanga watu katika makundi kwa kutumia maneno 'idiot' na 'imbecile' kama istilahi rasmi. Miaka mitatu kabla yake, mwanasaikolojia wa Marekani Henry Goddard alikuwa amebuni neno 'moron' kutoka Kigiriki ili apate istilahi ya kitaalamu isiyo na kejeli. Leo maneno yote matatu ni matusi. Tatizo halikuwa katika sauti za maneno hayo bali katika dharau iliyokuwamo ndani ya jamii, na dharau haiondolewi na kamusi.

Karne ya 19 ndiyo hukumbukwa zaidi kwa adabu ya aina hii. Suruali iliitwa kwa jina lenye maana ya visivyotajika. Nahodha Frederick Marryat, Mwingereza aliyeizuru Marekani na kuchapisha shajara yake mwaka 1839, alieleza jinsi alivyokosolewa kwa kutaja mguu wa mwanamke, ilhali neno lililokubalika lilimaanisha kiungo cha mwili tu. Mezani, nyama ya kidari cha kuku na ya mapaja yake zilitofautishwa kwa rangi, nyeupe na nyeusi, ili mlaji asilazimike kutaja viungo. Huko Marekani, wafanyabiashara ya mazishi walijibunia mwaka 1895 jina jipya la kazi yao, 'mortician', lililosikika kama jina la tabibu. Neno la zamani, 'undertaker', nalo lilikuwa limeanza maisha yake kama tafsida, maana lilimtaja mtu yeyote anayechukua jukumu la kazi fulani.

Ni rahisi kuyacheka mambo haya. Hata hivyo, katika mifano hii yote hakuna aliyedhulumiwa. Mgeni aliyeuliza mahali pa kunawia alielekezwa chooni, na mfiwa aliyeambiwa kuwa mzazi wake amepita alielewa kuwa amekufa. Pande zote mbili zilijua kinachozungumzwa na zilikubaliana kutokitazama moja kwa moja. Huo ndio usitiri.

Kutoka sebuleni hadi barazani

Mabadiliko huanza pale upande mmoja unapojua na mwingine unapotakiwa usijue. Bunge la Uingereza ni mahali pazuri pa kuyaona, kwa sababu kanuni zake haziruhusu mbunge amwite mwenziwe mwongo. Mnamo tarehe 22 Februari 1906 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, aliulizwa kuhusu vibarua Wachina waliopelekwa kwa mikataba katika migodi ya Afrika Kusini. Wanasiasa wa upande wake walikuwa wameiita hali hiyo utumwa wakati wa kampeni. Churchill alijibu kuwa mkataba ule haungeweza kuitwa utumwa kwa maana kamili ya neno hilo bila kuhatarisha usahihi wa istilahi. Usemi wake wa Kiingereza, 'terminological inexactitude', umebaki katika kumbukumbu za watu kama njia ya kuchekesha ya kutaja uongo. Kilichosahauliwa ni wale vibarua. Watu hukumbuka mzaha wa msemaji na kusahau hali ya waliozungumziwa.

Miaka 80 baadaye, mwaka 1986, katibu mkuu wa baraza la mawaziri la Uingereza, Robert Armstrong, alitoa ushahidi mahakamani mjini Sydney, Australia, katika kesi ya kuzuia kitabu cha aliyekuwa jasusi. Alipobanwa kuhusu barua fulani, alisema haikuwa na uongo, ila labda ilibana matumizi ya ukweli. Nchini Marekani, Rais Ronald Reagan alipolihutubia Bunge la nchi yake Januari 1987 kuhusu kashfa ya kuiuzia Iran silaha, alikiri kwamba makosa makubwa yalifanyika. Hakusema nani aliyafanya.

Ofisi za biashara zilifuata mkondo huo. Neno 'downsizing' lilitumiwa katika miaka ya 1970 kuhusu magari yaliyoundwa kwa umbo dogo zaidi ili kuokoa mafuta. Katika miaka ya 1980 lilihamishiwa kwa watu: kampuni ikawa ndiyo inayopunguzwa umbo, huku mfanyakazi aliyefukuzwa akitoweka katika sentensi. Usemi mwingine, 'let go', unamwonyesha mwajiri kama aliyekuwa amemshika mtu mkono, akamwachia aende zake, kana kwamba mfanyakazi ndiye aliyetaka kuondoka.

Afrika Mashariki ilizipokea semi hizi pamoja na masharti ya mikopo. Katika kipindi cha marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, karo na ada za hospitali zilirejeshwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kugawana gharama, nalo likafasiriwa kuwa uchangiaji. Katika Kiswahili, mchango ni kitu cha hiari na cha ujirani, kinachotolewa arusini na msibani. Mgonjwa aliyezuiwa kuonana na daktari kwa kukosa fedha hakuwa ameombwa mchango. Tafsiri ilikuwa tamu kuliko hata neno la asili, na utamu huo ulilikosesha jambo lenyewe jina lake.

Lugha ya dola

Mwaka 1946 mwandishi wa Kiingereza George Orwell alichapisha insha iliyohusu siasa na lugha yake. Alionyesha kuwa utetezi wa serikali kwa vitendo vya kikatili hutegemea maneno mapana na yasiyo na picha, kiasi kwamba vijiji vinavyochomwa na wakulima wanaofukuzwa makwao hugeuka kuwa zoezi la kuleta utulivu au la kuhamisha idadi fulani ya watu. Orwell aliijua mada yake kwa karibu, maana alikuwa askari polisi wa kikoloni nchini Burma katika miaka ya 1920.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wa mapema zaidi. Mwaka 1890 Zanzibar ilitangazwa kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1895 ukatangazwa ulinzi wa namna hiyo juu ya sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni Kenya. Neno la Kiingereza lilikuwa 'protectorate'. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari za mlinzi zililipiga kwa mizinga jumba la aliyelindwa. Shambulio lilidumu kwa takriban dakika 40, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Kiswahili kililifasiri neno hilo kwa himaya, lenye asili ya Kiarabu na maana ya hifadhi au ulinzi. Historia ya baadaye ya neno hilo inastahili kuzingatiwa na wanaleksikografia. Katika Kiswahili cha leo himaya hutumika kwa maana ya dola kubwa inayotawala nchi nyingine: husemwa himaya ya Warumi na himaya ya Uingereza. Maana ya ulinzi haijafutika, lakini kwa wasomaji wengi ya utawala ndiyo inayotangulia. Neno lililochaguliwa kufunika limechukua maana ya kilichofunikwa, kama yalivyofanya majina ya choo. Tofauti ni kwamba safari hii aliyefunikwa alikuwa mwenye nguvu, na walioichakaza tafsida yake ni wale walioishi chini ya ulinzi huo.

Hali ya Hatari nchini Kenya, 1952–1960

Hakuna mahali ambapo historia hii inagusa Afrika Mashariki kwa uchungu zaidi kuliko Kenya ya miaka ya 1950. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza kile kilichoitwa 'State of Emergency' ili kupambana na vita vya Mau Mau. Neno 'emergency' limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuibuka. Kinachoibuka hakina aliyekileta. Kiswahili kikasema Hali ya Hatari, tafsiri iliyo wazi kidogo zaidi, ingawa nayo haikueleza hatari hiyo ilitoka kwa nani kwenda kwa nani.

Ndani ya kipindi hicho, Kiingereza cha kila siku kiliajiriwa katika kazi ngeni. Kuhojiwa kwa washukiwa, ambako mara nyingi kuliambatana na kipigo, kuliitwa 'screening', neno la kuchekecha nafaka au kokoto. Mlolongo wa kambi ambamo mfungwa alipandishwa au kushushwa daraja kulingana na utii wake uliitwa 'Pipeline', yaani bomba. Mpango wa kuwatia wafungwa wakaidi, wachache wachache, katikati ya walinzi na wafungwa waliokwisha kutii, na kuwavunja kwa nguvu, ulipewa jina la mbinu ya kuzimua, kama vile maji yanavyotiwa katika maziwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa lazima wakawekwa katika makazi mapya yapatayo 800, mengi yakiwa yamezungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha. Makazi hayo yaliitwa vijiji. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Walioyatunga maneno haya hawakuwa wajinga wa maana zake. Mwezi Juni 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana kuhusu matumizi ya nguvu katika kambi. Palichorwa mstari kati ya nguvu ya kuadhibu, ambayo ingekuwa kinyume cha sheria, na nguvu ya kushurutisha, ambayo ingekubalika. Sehemu dhaifu za mwili, hususan wengu, ini na figo, hazikupaswa kupigwa. Katika mawasiliano hayohayo aliandika kwamba iwapo watatenda dhambi, basi hawana budi kuitenda kimya kimya. Neno dhambi lilikuwa linajulikana ofisini. Lililokatazwa ni kulitamka hadharani.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa marungu, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa magazeti ilieleza kuwa vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji. Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa. Huenda hata haina uongo wa moja kwa moja, kwa kuwa watu hao walikunywa maji, na baadaye wakafa. Kilichoachwa ni marungu. Uchunguzi wa hakimu ulithibitisha kuwa vifo vilisababishwa na majeraha ya kipigo. Hakuna afisa aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo usiku wa tarehe 27 Julai 1959, na mmoja wa wabunge wa chama tawala, Enoch Powell, aliikosoa serikali ya chama chake mwenyewe kwa kutaka kuwe na kipimo kimoja cha haki kwa Ulaya na kingine kwa Afrika.

Uficho haukuishia hapo. Wakati wa kuondoka, Waingereza walichukua majalada ya siri kutoka katika makoloni yao au wakayachoma. Yaliyochukuliwa yalipewa jina la 'migrated archives', yaani nyaraka zilizohama, kana kwamba zilikuwa ndege wa msimu. Nyaraka hizo kutoka makoloni 37 ya zamani zilifichwa kwa miongo kadhaa, hadi kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009 na wazee wa Kenya waliodai kuteswa ilipoilazimisha serikali, mwaka 2011, kukiri kuwa inazo. Mficha maradhi kifo humfichua. Aliyezificha nyaraka hizi alifichuliwa na wazee waliokuwa bado hai.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge kuwa serikali ingelipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Alikubali kuwa Wakenya waliteswa, na neno mateso alilitamka. Hata hivyo, aliendelea kukana kuwa serikali ya London inawajibika kisheria, na masikitiko aliyoyatoa yalikuwa kwamba vitendo hivyo vilitokea. Tarehe 31 Oktoba 2023, mjini Nairobi, Mfalme Charles III alivieleza vitendo hivyo kuwa vya kuchukiza na visivyo na udhuru wowote, akaonyesha majuto makubwa. Neno la kuomba radhi halikutamkwa. Wazee waliokuwa wakilisubiri waliijua vyema tofauti ya kusikitika na kuomba radhi: mpita njia huweza kusikitika, lakini mwenye kuomba radhi ni mtenda kosa peke yake.

Kazi ya mfasiri

Yako mafunzo mawili kwa wanafunzi wa Kiswahili. La kwanza ni la kisarufi. Tafsida za dola katika Kiingereza hupenda nomino ndefu za Kilatini, kwa sababu nomino haidai mtenda. Kiswahili, ambacho kitenzi chake kikuu kwa kawaida huhitaji kiambishi cha nafsi au cha ngeli, kinaonekana kuwa mahali pagumu pa kujificha. Lakini dhana hiyo isichukuliwe kwa wepesi, kwani Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendeka, na huo huficha kuliko kauli ya kutendwa. Anayesema kuwa makosa yalifanywa ameacha mlango wazi, na msikilizaji anaweza kuuliza yalifanywa na nani. Anayesema kuwa makosa yalifanyika ameufunga. Kila mzazi aliyeambiwa na mtoto kuwa sahani imevunjika analijua jambo hili. Mfasiri wa maneno ya Reagan au ya Hague analazimika kuchagua kati ya viambishi hivyo, na uchaguzi wake si wa mtindo tu. Uaminifu kwa matini unamtaka auhifadhi ukwepaji wa msemaji kama ulivyo, asiupunguze wala asiuongeze, na pale anapoandika maelezo yake mwenyewe, amtaje mtenda.

Funzo la pili linahusu Kiswahili chenyewe. Ingekuwa kosa kudhani kuwa uficho ni maradhi ya Waingereza pekee. Rushwa imeitwa chai na kitu kidogo. Nchini Tanzania, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ili kuruhusu takrima, neno zuri la ukarimu kwa mgeni, litumike kwa vyakula na zawadi ambazo wagombea waliwapa wapigakura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Hakimu na mwanaleksikografia walifika mahali pamoja: walilitazama tendo lililofichwa nyuma ya neno.

Wakati huohuo, mafunzo haya yasitumiwe kuhalalisha ukali wa maneno. Kuachwa kwa maneno kama kiwete na kiziwi, ambayo yaliwapanga binadamu katika ngeli ya vitu, na kushika kwa istilahi kama watu wenye ulemavu, si uficho. Watu wanaotajwa wenyewe ndio waliodai kutajwa hivyo. Hapa panapatikana kipimo: neno la kusitiri huombwa, au hukubaliwa, na yule anayesitiriwa, neno la kuficha hutungwa na yule anayejificha, kisha huwekwa kinywani mwa wengine.

Hitimisho

Historia ya tafsida za Kiingereza inaonyesha kwamba usemi laini si mwema wala mbaya kwa asili yake. Ulianza katika ibada, ukakaa nyumbani kwa karne nyingi ukiwapunguzia watu aibu na majonzi, kisha ukaingia mabungeni, ofisini na kambini, ambako ulipewa kazi ya kuwaondoa watenda katika sentensi zao. Muda huyachakaza maneno ya aina zote mbili, lakini matokeo hutofautiana. Neno la staha likichakaa, jamii hubuni jingine na hakuna anayedhurika. Neno la dola likichakaa, kinachoonekana chini yake ni watu: vibarua wa migodini, waliokufa katika jumba la Sultani, na watu 11 wa Hola.

Wanaofundisha tafsida katika shule na vyuo vikuu wanaweza kuongeza swali moja katika somo lao bila kubadili mtaala. Baada ya mwanafunzi kuitambua tafsida na kuieleza maana, aulizwe pia neno hilo limemhifadhi nani. Wanafunzi watakaozoea kuuliza hivyo darasani watalisoma kwa macho mengine tangazo la serikali, barua ya mwajiri na jalada la kikoloni, kwa lugha yoyote vitakavyoandikwa.